Kivuli cha Tunu

Mteja aliinamia kompyuta ya Sikudhani, akautazama mchoro wa msichana anayeruka kamba uani.

"Dada, mkono wako una sanaa. Lakini huyu mtoto mtoe. Fulana ni za wahudumu wa hoteli yangu, si za chekechea."

"Bila yeye utabaki uwanja mtupu, kaka."

"Ndio ninaoutaka. Mbona umekunja uso? Kwani ni wako?"

"Ni mchoro tu," akajibu Sikudhani.

Tangu wamzike Tunu, Sikudhani alimchora katika kila kazi yake, na hakuna mtu mtaani aliyetaka kuvaa sura ya marehemu wala kuitundika ukutani. Mgeni huyu ndiye wa kwanza kusimama kwenye kibanda chake cha kuchapa fulana.

Akamfuta mwanawe taratibu: kamba, miguu, gauni, mwisho kicheko chenye pengo. Akachapa fulana ya kwanza.

"Ah, dada, umesahau kivuli," mteja akasema, akikigusa kwa kidole. "Nacho kitoe."

Pale mchangani, kivuli kidogo kilikuwa bado kinaruka.

Sikudhani akaichukua fulana, akaikumbatia. Ilikuwa ingali na joto la mashine, kama mtoto aliyetoka kucheza sasa hivi.