Ndoo Nzima ya Klorini

"Sugua!" Mavura alimkandamiza mkewe shingo hadi pua ikagusa ukoga wa kijani ulioganda ukutani mwa bwawa lao la kuogelea. "Wageni wakute maji kama kioo!"

Msia akasugua mpaka vidole vikatoka damu. Ukoga haukubanduka. Akachukua ndoo ya klorini, na badala ya kikombe kimoja akaimwaga yote.

Kufikia jioni maji yalimeta, harufu yake ikikaba koo.

Mavura hakuamini kazi ya mtu. Kila mara alizamia mwenyewe hadi chini, macho wazi, akikagua. Akavua shati.

"Yametakata?"

"Jionee mwenyewe, Baba Tunu."

Akajirusha. Msia akaokota taulo la mumewe, akalikunja vizuri, akalikalia.