Rubani Asiyeonja Pombe

Afisa wa uhamiaji alimrudishia Tunu pasipoti bila kuigonga muhuri. "Rubani, una kesi ya kuendesha gari umelewa. Nchi hii huingii."

Tunu akamtazama mumewe, Kapteni Hemedi, aliyerusha naye ndege iliyowaleta na ambaye alikuwa ameshapita kizuizi. Tunu hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Siku gari lao lilipopata ajali alikuwa abiria tu; Hemedi ndiye aliyekuwa akiendesha, amelewa, na ndiye aliyemsihi, "Sema ulikuwa wewe, mke wangu. Mimi wanataka kunipa ukapteni. Utalipa faini, yaishe."

Sasa Tunu alimngojea aseme neno.

Hemedi alimgeukia afisa, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Nimemkanya sana huyu kuhusu ulevi, hasikii. Naomba simu, nitafute rubani mwingine wa kurudi naye."

Uso ulimwaka Tunu kama aliyezabwa kofi. Afisa akamsogezea karatasi na kalamu aandike maelezo yake. Nje ya kioo, Hemedi alikuwa akiizunguka ndege, akilipapasa bawa kwa kiganja. Tunu akavuta kiti, akaandika tarehe ya ajali, kisha akaanza kuandika jina la dereva.