Neno la Mfamasia

Shemeji yangu hakunitambua. Barakoa ilinificha nusu ya uso, tena mara ya mwisho aliponiona sikuwa mfamasia mwenye koti jeupe. Nilikuwa mjane wa kaka yake, nimeketi juu ya godoro nje ya nyumba yangu mwenyewe, naye anabadilisha kitasa.

"Dada, dawa hii ya moyo inanifilisi," alisema, akilisukuma boksi lake kwenye kaunta, pamoja na vidonge vyake vya presha. "Nasikia ile ya bei nafuu ni ileile tu. Nibadilishe?"

Kucha zake zilikuwa na rangi ya buluu, kama za mtu aliyeshinda ndani ya maji baridi.

Nilizitazama kucha zile. "Badilisha" ni neno moja tu, na nani angekuja kuniuliza? Nililisikia kabisa likinipanda kooni.

"Usibadilishe," nikasema. "Hiyo ya nafuu haipatani na vidonge vyako vya presha. Vikikutana, vitausimamisha moyo. Rudi kwa daktari akutafutie nyingine."

Akashusha pumzi. "Mungu akubariki, dada. Nusura nijiue kwa ubahili."

Hapo ndipo nilipovua barakoa.

Akaitazama dawa yake, akaitazama ile ya nafuu kwenye rafu, kisha akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "ni kweli hayo uliyoniambia?"

Nikatabasamu, nikamwita mteja aliyekuwa nyuma yake.