Ubeti wa Haki

"Nyamazeni," Mwalimu alisema, vidole masikioni. "Mbuzi akisikia mnavyoimba utu, atashukuru kuzaliwa mbuzi."

Wanakwaya walitazama viatu vyao. Wote walikwisha kuonja ulimi wa Mwalimu, na ulimi ule haukuwa na mfupa.

Wimbo ulikuwa wa tunu za katiba: utu, usawa, uhuru, haki. Kila tunu ilikuwa na ubeti wake, nao kila ubeti waliuua kwa namna yake. Usawa waliuimba wakishindana kupayuka. Uhuru waliuimba kwa kupiga miayo.

"Haki," Mwalimu aliamuru. "Sauti ya kwanza."

Dada mmoja mnene wa mstari wa mbele akaanza, "Haki haitacheleweshwa..." Akachelewa mapigo mawili.

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Dada, unaelewa unachoimba, au umekariri kama kasuku?"

"Naelewa, Mwalimu."

"Huelewi. Ungeelewa, ungeona aibu kidogo. Rudia."

Alirudia mpaka jasho likamtoka. Mara ya mwisho sauti yake ilitoka safi, ikapanda, ikakaa juu bila kutetereka. Mwalimu akawapa mgongo, akakodolea macho dirisha dogo lililokuwa karibu na dari.

"Afadhali," alisema baadaye. "Leo umeimba kama mtu."

Mkuu wao akachungulia mlangoni. "Vipi, kombe ni letu?"

"Majaji wakiwa viziwi, ni lenu."

"Hata mwaka jana ulisema hivyo, na mwaka juzi. Tukashinda."

"Basi ni viziwi."

Mkuu akaenda zake akicheka. Jamaa mmoja mrefu, waliyemwita Besi kwa sauti yake, akakohoa. "Mwalimu, siku yenyewe nani atasimama mbele yetu?"

"Wewe. Ingiza tumbo, inua mikono, na usijaribu kufikiri."

Kengele ikalia. Wanakwaya wakavaa kofia zao za sare, wakatoka wakinong'ona kwamba mtu yule ana dharau utadhani kazaliwa ikulu. Besi peke yake alibaki, akamngoja Mwalimu amalize kupanga mabenchi.

"Twende, Mwalimu."

Wakafuatana hadi mwisho wa korido. Besi akachagua ufunguo, akafungua, akampisha kwa adabu. Ndani, wanaume waliolala sakafuni wakajibana kumpa nafasi.

"Na kesi yangu?" Mwalimu aliuliza kupitia nondo.

"Bado hawajapanga siku ya kuianza," alisema Besi, akageuza ufunguo.