Kadi ya Kipa Mbaruku

Kila Jumapili, kwa kinyozi Shamte, wateja huchezesha mezani, kwa dadu, ligi ya kubuni ya wachezaji wa zamani wa mji wao, kila mchezaji na kadi yake. Leo wamemwita kipa Mbaruku aje aigongomee mwenyewe kadi yake kwenye ukuta wa magwiji.

"Mnanitania," alisema Mbaruku, ameegemea mkongojo. "Mimi nilidaka mechi mbili tu, nikavunjika mguu."

"Hapa umedaka mia tatu, mzee," alijibu Shamte.

Mbaruku aliutazama mguu wake. "Na mguu?"

"Misimu kumi na miwili, mguu mzima kabisa!"

Wote wakaangua kicheko. Mbaruku akauweka mkongojo kando, akashika nyundo, akasimama kwa ncha za vidole akitafuta nafasi ya juu zaidi.