Ua wa Ng'ambo

Kila kaya ya mpakani ilikuwa imepewa ua mmoja wa nchi jirani, iuangalie. Picha za setilaiti zilikuwa wazi kwa yeyote mwenye simu, basi ulinzi ukawa kazi ya nyumbani kama kufagia. Zamawia alipewa nyumba yenye bati la buluu. Aliizoea mpaka akaijua siku yao ya kufua, na mbuzi wao alipozaa alifurahi kama wake.

Mwaka uliopita, picha ya alfajiri ilionyesha lori, turubai kubwa na wanaume wengi wamelala nje kuzunguka moto. Kwenye mafunzo waliambiwa kambi ya jeshi huonekana hivyo. Akabonyeza "Askari". Akashukuriwa. Picha iliyofuata haikuwa na bati la buluu, naye akapewa ua mwingine.

Sasa kina Zamawia ndio waliofiwa. Asubuhi baada ya kumzika baba yao, mdogo wake, Tausi, alimletea simu.

"Dada, hebu ona kwetu tunavyoonekana kutoka juu."

Zamawia akatazama. Lori lililoleta viti. Turubai. Wajomba, mashemeji na majirani wamejilaza kuzunguka moto.

"Waambie wanaume leo walale ndani."

"Ndani? Kwenye msiba?" Tausi alimshangaa. "Unamwogopa anayetutazama? Dada, wale wa ng'ambo nao wanazika kama sisi. Nani asiyeujua msiba akiuona?"