Nishani ya Mtu Asiyezaliwa

Mwero wa Ngala alitakiwa barazani Msambweni siku ya Jumatano, avalishwe nishani na Bwana DO mwenyewe. Taabu ilikuwa moja tu: Mwero wa Ngala hakuwahi kuzaliwa.

Chifu Chirau aliisoma tena barua iliyotoka Kwale, miwani ikimteremka puani kwa jasho. Askari wa kujitolea, ilisema barua. Kaingia jeshi la Keya mwaka 1941, kapigana ng'ambo huko Bama, kajeruhiwa mguu, kaokoa wenzake wawili. Ushujaa mtupu! Na mtu mwenyewe Chirau alimtunga kwa kalamu, asubuhi moja, kabla hata ya kunywa chai.

Mwaka huo serikali ilitaka kila chifu atoe kijana mmoja wa kwenda vitani kwa hiari yake. Vijana wa Chirau waliposikia neno hiari, walikwenda kujificha kwenye mikoko ya Bodo. Naye, asije akavuliwa kofia ya uchifu, akaandika: "Namleta kwenu Mwero wa Ngala, kijana mwenye nguvu." Akaituma barua Kwale, akaketi kungoja. Wakiuliza, angesema kijana katoroka njiani. Hawakuuliza. Miaka kumi na miwili hawakuuliza, hata Chirau mwenyewe akasahau.

"Makarani wamechanganya mafaili," alimwambia mkewe, Mbeyu. "Wamechukua vita vya mtu mwingine wakamvisha Mwero wangu."

"Basi nenda ukawaambie kweli."

"Nivuliwe kofia? Nifungwe?"

"Njia ya mwongo ni fupi, Baba Esha," alisema Mbeyu, akaendelea kukuna nazi yake.

Chirau aliogopa, tena aliogopa hasa. Kabla ya Jumatano alihitaji Mwero, na Mwero huyo sharti awe na mguu mbovu. Kijijini palikuwa na mmoja tu: Chome.

Huyu Chome alitoka Samburu zamani, akawa mchungaji wa mbuzi wa Chirau. Siku moja alitumwa kwa baiskeli ya Chifu, baiskeli nyeusi ambayo tandiko lake Chirau alilishona kwa mkono wake kwa ngozi ya mbuzi, asirudi. Alionekana tena baada ya miaka mitano, kwa miguu, anachechemea. Alipoulizwa alikuwa wapi, alijibu, "Kwa serikali." Kila mtu akajua ni jela. Na kila alipotaka kueleza habari ya baiskeli, Chirau alinyanyua mkono. "Sitaki kusikia!" Aliipenda mno baiskeli ile, pengine kuliko baadhi ya ndugu zake.

Alimkuta Chome uani kwake, anasuka makuti.

"Shikamoo, Chifu."

"Marahaba. Chome, Jumatano nataka uwe Mwero wa Ngala."

Makuti yalimponyoka Chome mikononi. Alicheka, akacheka, mpaka akalala chali.

"Ni saa moja tu," Chirau alimbembeleza. "Ukikubali, nakusamehe baiskeli."

"Chifu, mimi sijui kusoma," alisema Chome huku akifuta machozi. "Wanaojua kusoma wakisema mimi ni Mwero, nitabisha na nini?"

"Yaani umekubali?"

"Nimekubali. Lakini baiskeli usinisamehe bado. Ngoja Jumatano ipite."

Siku mbili nzima Chirau alimfundisha uaskari nyuma ya nyumba. Alimwonyesha saluti. Chome akamshika kiwiko taratibu, akakinyanyua. "Juu kidogo, Chifu. Ukipiga hivyo utatiwa ndani." Chirau alistaajabu. Kwa uongo, mtu huyu alikuwa fundi wa kuzaliwa.

Jumatano ikafika. Wanakijiji walikwisha kuonywa kwamba atakayefungua mdomo atakiona cha mtema kuni, kwa hiyo walikuja wote, hata wagonjwa. Jina likaitwa. Chome alisimama, akatembea mpaka mezani na mguu wake mbovu, akapiga saluti iliyomfanya Bwana DO naye ajikute amesimama wima.

"Bama ilikuwaje?" Bwana DO aliuliza.

"Mvua, bwana," alisema Chome. "Mvua, ruba na njaa. Wale wawili niliwabeba kwa kuwa ndio waliokuwa na biskuti."

Baraza zima likaangua kicheko, na wanawake wakapiga vigelegele. Chirau alihisi roho yake ikirudi mahali pake. Moyoni alikwisha kumwongezea Chome mbuzi jike mmoja, juu ya msamaha wa baiskeli. Nishani ikabandikwa kifuani. Chifu akanyanyuka upesi awashukuru wageni, mambo yaishe watu waende majumbani kwao.

"Bado, Chifu," alisema Bwana DO. "Watu wako wasikie habari kamili za shujaa wao. Karani, soma."

Karani Rai alifungua faili, akasafisha koo, akasoma kwa ile sauti moja ya makarani wote, isiyopanda wala kushuka:

"Mwero wa Ngala. Hajui kusoma wala kuandika. Aliwasili Kwale peke yake, tarehe tisa Juni, barua ya Chifu Chirau mkononi, na baiskeli moja nyeusi yenye tandiko la ngozi ya mbuzi. Baiskeli ilichukuliwa na jeshi. Mwezi wa kwanza alishikilia kwamba yeye si Mwero, ni Chome, na kwamba ameleta barua tu. Baadaye akazoea."